Oda za Nje ya Mji

Abdow alikataa kukaa. Konstebo Komora alimsogezea kiti, naye akakisukuma kwa mguu. Komora akakirudisha, Abdow akakishika mgongo na kukibamiza ukutani kama kitu kilichomkosea adabu. Alikuwa mfugaji mrefu, mkavu, kikoi kimekunjwa juu ya vifundo vya miguu, na vumbi la barabara ya Modogashe lilikuwa bado limemganda kwenye nyusi.

"Mimi hagukuja kukaa," alimwambia Komora. "Mimi nakuja uliza bolisi swali moja tu. Bibi yangu alikufa. Dawa ilitoka duka ya hapa Garissa. Nyinyi nashika kijana ya kombyuta. Sasa kijana ya kombyuta ndio alichoma bibi yangu sindano?"

Watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi la kaunta waligeuza shingo. Inspekta Mulki Warfa, aliyekuwa akishughulikia kesi hiyo, alilisikia swali akiwa mlangoni. Alimjibu kwa Kisomali ili mtu asiaibike mbele ya wageni.

"Walaal, ndugu yangu, hilo ndilo swali la maana kuliko yote niliyoulizwa tangu nianze kesi hii."

"Basi lijibu."

"Nakwenda kulitafutia jibu."

"Nyinyi kila siku mnakwenda," alisema Abdow, akatoka nje bila kuaga, akasimama chini ya jua kali uani akitazama ukuta.

Mulki alimtazama kidogo, kisha akaingia ndani akifunga mlango kwa kishindo kilichomfanya Komora aache kalamu yake ianguke.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ramla, mke wa Abdow, alijifungua mtoto wa kike salama salimini katika kliniki ndogo ya binafsi huko Modogashe. Damu ikakataa kukatika. Mkunga wake, Sharifo, akamchoma sindano ya kukaza kizazi, akamchoma ya pili, akamchoma ya tatu, ikawa kama anachoma maji ya mtungi. Ramla alikata roho ndani ya gari, Garissa ikiwa bado mbali. Chupa zilizosalia zilipelekwa maabara Nairobi, na majibu yakarudi mafupi: dawa si ya bandia, ni halisi kabisa, lakini imekufa. Dawa ya namna ile hukaa kwenye friji. Hii ilikuwa imepikwa na joto, na dawa ikishapikwa na joto la Garissa hairudishwi na friji yoyote.

Sharifo aliinunua kwenye Dawa Mlangoni, duka la dawa la mtandaoni lenye ofisi na stoo mtaa wa Galbet. Mkunga akiwa Modogashe anabonyeza simu yake, na dawa inamfikia kwa gari la abiria ndani ya kisanduku cha barafu. Kwenye kioo cha kompyuta, oda yake ilionyesha imetoka Stoo ya Baridi, mahali panapofaa. Mwenye duka, Khalif, alileta mtaalamu wake kutoka Nairobi. Mtaalamu akachungulia mfumo, akasema kuna moduli imechomekwa humo inayogeuza oda, na imeingizwa kwa paswadi ya Shuaib, kijana aliyetengeneza tovuti. Shuaib akakamatwa siku hiyohiyo. Khalif akashukuru polisi kwa kazi nzuri, akarudi dukani kuuza.

"Mlete Shuaib," alisema Mulki. "Na ile laptopu yenye nakala ya mfumo wao."

"Afande, mtaalamu si alishatuandikia ripoti?"

"Ripoti imesema moduli ipo. Haikusema inazigeuza oda vipi. Mtu akikuambia kuna nyoka ndani ya nyumba, utaridhika kwamba yupo?"

Komora alikwenda kumchukua.

Shuaib aliletwa akiwa na pingu, macho mekundu, ndevu changa zimeota ovyo. Hata kabla hajakaa alianza.

"Madam, wallahi billahi, mimi kiini sikuigusa. Nimesema tangu siku ya kwanza. Kiini sikui—"

Mulki alipiga meza kwa kiganja. "Acha kuniimbia kiini! Mwanamke amezikwa. Niambie kwa maneno ambayo mume wake angeyaelewa, au rudi seli."

Kijana aliketi. Alipoanza tena, alianza polepole.

"Lile duka la mtandaoni hatukuliandika sisi lote. Lilikuja tayari, limeandikwa na watu wa mbali, maduka mengi duniani yanatumia. Hicho ndicho kiini. Ndani kuna kitu kinaitwa kontrola. Mteja akibonyeza 'agiza', kontrola ndio inapokea na kuamua. Dawa itoke stoo gani, risiti iandikwe nini, nani apigiwe simu."

"Na mtu akitaka iamue vingine?"

"Fala ndio ataingia kwa kiini abadilishe. Mfumo ukileta toleo jipya, kila kitu ameandika kinafutwa. Fundi anaandika moduli yake kando. Ndani anaweka kontrola yake, ya kazi ileile, halafu anaambia mfumo: ukitafuta ile ya zamani, chukua hii yangu."

"Ile ya zamani inakwenda wapi?"

"Haiendi mahali. Iko palepale, mzima, haijaguswa. Ni vile tu hakuna mtu anaiuliza kitu."

Mulki aliketi. "Kama walii wa bibi harusi aliyeteua wakili. Baba amekaa palepale kwenye mkeka, lakini sheikh anamsikiliza wakili."

"Eeh! Hapo hapo, madam. Kabisa."

"Na wewe uliandika wakili wako."

"Niliandika, sikatai. Moduli yangu ilikuwa inapanga tu magari. Oda ya Dadaab iende na gari la Dadaab, ya Modogashe na la Modogashe. Kazi halali, Khalif mwenyewe aliisifu. Lakini hiyo mnaongelea si yangu. Kuna nyingine."

"Kwa nini hukusema?"

Shuaib alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nimesema mpaka sauti imepotea. Kila mtu ananiuliza kwa nini nimeiweka. Hakuna hata mmoja ameniuliza imeandikwa nini ndani."

Shingo ya Mulki ilisimama mishipa. Alimtazama Komora, naye Komora akatazama dari. "Mfungue mkono mmoja," alisema. "Afungue laptopu."

Shuaib aliivuta laptopu karibu. Alifungua sehemu ya moduli, akaonyesha ya kwake: imezimwa. Chini yake palikuwa na nyingine, jina lake la kawaida tu, imewashwa, nayo imeshika kontrola ileile ya oda.

"Umeona? Moduli mbili haziwezi kuwa wakili wa bibi harusi mmoja. Aliyeleta hii ilibidi kwanza azime yangu. Magari yangu yakachanganyika wiki hiyo, nikamuuliza Khalif, akaniambia nisisumbue, mambo yanaenda."

"Paswadi ilikuwa yako."

"Paswadi ilikuwa ya ofisi! Ilibandikwa kwa karatasi juu ya printa. Hata mtu wa kuleta chai alikuwa nayo."

"Soma ndani."

Alisoma, akitafsiri mstari kwa mstari kwa Kiswahili chake cha haraka. Mteja akiagiza, mfumo utazame anwani. Anwani ikiwa ndani ya mji wa Garissa, dawa itoke Stoo ya Baridi. Anwani ikiwa nje ya mji, Modogashe, Dadaab na kwingineko, dawa itoke Stoo ya Nyuma. Lakini kwenye risiti na kwenye kioo, oda zote mbili ziandikwe kwamba zimetoka Stoo ya Baridi.

Pangaboi liliendelea kukwaruza. Komora, ambaye mama yake aliishi kwenye bonde la Tana, mbali na hospitali yoyote, alisema kitu kwa Kipokomo ambacho hakikuhitaji mkalimani.

"Kuna mstari mwingine," alisema Shuaib. Aliinama karibu na kioo. "Huu... huu sikuutegemea."

"Soma."

"Isipokuwa namba hii ya simu. Akiagiza mwenye namba hii, hata akiwa nje ya mji, dawa itoke Stoo ya Baridi. Ya kweli."

Mulki alisimama. Alikwenda dirishani, akarudi, akakwenda tena. Nje Abdow alikuwa bado amesimama juani.

"Komora, sikiliza," alisema. "Mtu anayeuza mali mbovu bila kujua, anamuuzia kila mtu. Mtu mwenye tamaa tu, anauza, basi. Huyu aliketi akafikiri, akamtoa mtu mmoja kwenye hatari. Humtoi mtu kwenye hatari usiyoijua. Aliyeagiza mstari huu alijua kwamba dawa ya Stoo ya Nyuma imekufa. Alijua tangu siku ya kwanza, kabla Ramla hajashikwa na uchungu."

"Tupige hiyo namba, afande."

"Kwanza nani kaisajili?"

Komora aliulizia kwa mwenzake wa kitengo cha simu, akarudi na jibu. Namba ilisajiliwa kwa jina la Abdimalik, mwenye malori ya maji huko Dadaab.

Mulki alivuta mtandio wake ukakaa sawa. "Khalif ana binti ameolewa Dadaab. Alijisifu kwa hilo siku ile ya kwanza, eti mkwe wake ana magari. Twende Galbet."

"Tusimpigie tu kutoka hapa?"

"Akiona namba asiyoijua hatapokea, au atapokea na kumwonya baba mkwe. Tutapiga kwa simu ya duka, Khalif akiwa amekaa mbele yangu. Nataka kumwona uso."

Korongo wakubwa wa Garissa, wale wenye vichwa vya upara, walikuwa wamejazana juu ya miti ya pembeni mwa barabara kama watu wanaosubiri maiti. Umeme ulikuwa umekatika Galbet, na jenereta la Dawa Mlangoni lilinguruma hadi ukuta ukatetemeka. Mbuzi walikuwa wamelala kwenye kivuli cha ubao wa tangazo: *Dawa yako, popote ulipo.*

Khalif aliwapokea akiwa ameketi nyuma ya meza pana, simu mbili mbele yake, kifua wazi kwa joto. Hakuinuka.

"Inspekta, karibu. Ingawa nilidhani tumemaliza. Kila mkija hapa na lile gari lenu, wateja wananipigia wanauliza kama tumefungwa."

"Wateja wa mjini au wa nje ya mji?"

"Wateja ni wateja."

"Mfumo wako hausemi hivyo."

Khalif alimtazama kwa jicho la nusu. "Mfumo muulize Shuaib. Mimi najua dawa, sijui kompyuta. Idman! Leta chai, tuna wageni."

Idman aliingia na birika la shaah na vikombe. Alikuwa mfamasia na msimamizi wa stoo zote mbili, mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe juu ya jilbabu, na mtu pekee wa duka lile aliyekwenda msibani kwa akina Abdow. Alipeleka mchele na sukari, akalia na wanawake wa Modogashe hadi wakambembeleza wao. Alimsalimu Mulki kwa mikono miwili.

"Asalaam aleikum, abaayo. Umekonda. Hii kesi itakumaliza."

"Waaleikum salaam. Kaa, Idman, usiondoke. Nitakuhitaji kwa mambo ya stoo." Kisha akamgeukia Khalif. "Mkweo wa Dadaab anaitwa nani?"

"Olow. Mkwe wangu ameingiaje hapa?"

"Ana malori ya maji?"

"Ana pikapu za kubeba bidhaa. Wewe mwanamke, unanihoji mimi au unaniposea?" Khalif aliinuka sasa, uso umemvimba. "Nimewapa mtaalamu, nimewapa mwizi wangu mkononi, na bado mnakuja kuharibu jina langu mchana kweupe! Mimi nina wakili!"

"Mpigie. Lakini kwanza napiga mimi."

Aliivuta simu ya mezani ya duka, akabonyeza kitufe cha spika, akaandika namba ile. Jicho lake halikumwacha Khalif. Khalif alizitazama tarakimu zikiandikika kwenye kidirisha cha simu kama mtu anayetazama namba ya gari lisilo lake. Simu ikaita. Ikaita tena. Ikapokelewa, na sauti ya mwanamke kijana ikasikika kwa Kisomali, chini chini, yenye kicheko ndani yake.

"Abaayo? Mbona leo kwa simu ya ofisi? Sema polepole, mtoto ndiyo kwanza kalala."

Abaayo. Dada. Khalif hakuwa dada wa mtu.

Mulki aligeuza kichwa polepole. Idman alikuwa amesimama na birika mkononi. Aliliweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kama lililojaa hadi mdomoni, kisha akalifuta tone lililodondoka kwa ncha ya koti lake. Hakuinua macho.

"Abaayo Idman?" sauti iliuliza. "Unanisikia?"

"Mjibu," alisema Mulki.

"Iftin," alisema Idman, na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine. "Nakusikia."

"Mume wako ndiye Abdimalik wa malori ya maji?" Mulki aliinamia simu.

"Ndiyo. Huyo ni nani?"

"Ni polisi, dada yangu. Usikate." Akasimama wima. "Komora, mlango."

Komora aliufunga mlango, akausimamia. Khalif alijibwaga kitini.

"Stoo ya Nyuma," alisema Mulki. "Dawa ilikufa vipi?"

"Sijui unasema nini, abaayo."

"Usiniite abaayo! Dada yako huyo hapo kwenye simu. Namba yake umeiandikisha ndani ya moduli. Wote wa nje ya mji walipewa dawa mfu, yeye peke yake alipewa dawa hai. Dawa ilikufa vipi?"

Idman aliketi kwenye kiti ambacho hakuna aliyempa. "Umeme ulikatika. Stoo ya Baridi jenereta yake inajiwasha; ya Nyuma ilikuwa ya kuwashwa kwa mkono, na funguo nilikuwa nazo mimi. Nilikuwa harusini kwa jamaa zetu. Niliporudi, friji ya nyuma ilikuwa kama oveni. Mzigo mzima, na ndiyo kwanza umefika."

"Ulimwambia Khalif?"

"Nilianza kumwambia. Akasema hataki kusikia neno hasara chini ya paa lake, na mtu atakayemletea hasara atoke nayo yeye mwenyewe. Nina leseni moja tu, Inspekta. Ikichukuliwa sina kazi nyingine duniani."

"Ukamtafuta fundi."

"Kijana mmoja wa Nairobi, kwa simu. Nikamwambia oda za nje ya mji zitoke Stoo ya Nyuma na kwenye risiti yabaki maandishi yaleyale, ndivyo tunavyotaka hesabu zetu. Hakuuliza. Nikampa paswadi iliyobandikwa kwenye printa, akafanya kila kitu akiwa hukohuko."

"Kwa nini nje ya mji?"

Idman alirudi kulifuta birika.

"Nimekuuliza kitu!" Mulki aliinama hadi uso kwa uso. "Kwa nini si Galbet? Kwa nini Modogashe?"

"Mtu wa mjini dawa isipofanya kazi anarudi na chupa, anapiga kelele mlangoni, watu wanajaa. Wale wa mbali..."

"Wale wa mbali nini?"

"Wale wa mbali wanasema ni qadar. Ni mapenzi ya Mungu. Wanazika."

Mulki alishika ukingo wa meza, na kwa muda Komora alidhani ataipindua pamoja na vikombe vyake. "Mimi nimezaliwa nje ya mji," alisema, meno yamebana. "Mama yangu alinizaa kwenye hema, mbele ya Modogashe. Mkunga wake angekuwa na dawa yako, mama angezikwa kabla sijamjua, na watu wangesema qadar. Ulikwenda kule ukalia, Idman. Ulikula kwenye mkeka mmoja na mama yake Ramla!"

"Nililia kweli," alisema Idman kwa sauti ndogo.

Simu ilikuwa bado wazi. Waliisahau wote, hadi sauti ya Iftin ilipotoka tena, na safari hii haikuwa na kicheko.

"Abaayo. Nami nilivuja damu nilipojifungua. Daktari alisema ile sindano ndiyo iliyoniokoa. Ile niliyoagiza kwako."

"Yako ilikuwa nzima, Iftin. Niliapa yako itakuwa nzima."

"Na za wengine?"

Mtoto alianza kulia upande wa pili, halafu laini ikakatika.

Hapo Khalif aliinuka kwa ghafla. "Umesikia, Inspekta! Umesikia mwenyewe, mimi sikujua lolote! Huyu mwanamke amenidanganya mimi pia, mimi ndiye—"

"Alikuja na ulimi wake akakuanzia habari, ukamfunga mdomo. Shuaib akaja na habari ya magari, ukamfunga mdomo. Hukutaka kujua, na kazi hiyo uliifanya vizuri. Komora, mpige pingu huyu. Halafu piga kituoni wamtoe Shuaib sasa hivi, wasisubiri karatasi ya mtu."

Pingu zililia. Khalif alianza kutaja majina ya wakubwa anaowafahamu, na Komora akawa anamwitikia "ndiyo, bwana" kwa kila jina huku akimsogeza ukutani.

Mulki hakuwa akisikiliza. Kuna jambo lilikuwa limemshtua, akageuka ghafla. "Ramla ni mmoja. Nani mwingine anayo?"

Idman alipandisha macho.

"Dawa hiyo! Iko kwa nani mpaka saa hii?"

"Kliniki ndogondogo. Nazijua zote. Mimi ndiye nafunga vifurushi."

"Basi piga. Spika ikiwa wazi. Sema wewe ni mfamasia wa Dawa Mlangoni, chupa zote watoe kwenye friji, wasichome hata moja. Ukiongeza neno, nakunyang'anya simu."

Alipiga. Mkunga wa kwanza alishukuru, hakuwa ameifungua. Wa pili aligomba, akasema kama dawa ni mbovu kwa nini hawakuambiwa mapema, na Idman akasema "samahani" hadi mkunga akakata. Sharifo wa Modogashe alipoisikia sauti yake alisema tu, "Zangu polisi walichukua. Mungu anakuona," akaweka simu. Kila namba ilipojibu, Mulki alivuta pumzi na kuitoa kwa pua.

Kliniki ya mwisho ilikuwa ng'ambo ya Dadaab, kwenye njia ya kuelekea mpakani. Simu iliita hadi ikakatika. Idman akapiga tena. Ilipopokelewa, kulikuwa na kelele za wanawake nyuma yake.

"Ilwad hapa, sema haraka, nina mzazi!"

"Ilwad, ni Idman wa Dawa Mlangoni. Ile sindano ya kukaza kizazi, usiitumie."

"Nimeshachoma! Mtoto ametoka, kondo limetoka, damu haikatiki. Ya pili hii nimeshika mkononi."

Mulki alimshika Idman bega, na vidole vyake vikazama kwenye koti jeupe. "Muokoe," alisema. "Unajua kinachotakiwa. Muokoe!"

Idman alifumba macho. Alipoyafumbua, aliinamia simu.

"Weka chini hiyo sindano, Ilwad. Ni maji hiyo. Una vidonge vya misoprostol?"

"Vipo. Vilibaki vya mradi."

"Mwekee chini ya ulimi, dozi ya kuzuia damu, kama mlivyofundishwa. Halafu mkono juu ya tumbo, utafute mji wa mimba. Ukoje?"

"Laini. Kama unga uliokandwa."

"Ukande. Kwa nguvu, kwa mzunguko, usimwonee huruma. Mtu mwingine ampe mtoto ziwa, anyonye sasa hivi. Amekojoa?"

"Hajakojoa."

"Mtoe mkojo kwa mpira. Kibofu kikijaa kizazi hakikazi. Usiache kukanda!"

Hata Khalif aliacha kutaja wakubwa wake. Kutoka kwenye spika walisikia Ilwad akihema, wanawake wakimtaja Mtume, chombo kikianguka sakafuni, mtoto akilia kisha akinyamaza ghafla kama aliyepata anachokitaka. Idman aliendelea kuuliza na kuelekeza, sauti yake kavu, ya kazi, jasho likimtiririka kidevuni na kudondoka juu ya meza. Damu ikizidi, alisema, Ilwad aingize ngumi ndani na mkono mwingine ubane kwa juu. Ilwad alisema anafanya. Kisha zikasikika pumzi zake tu, na Mulki aligundua amesimama kwa ncha za vidole.

"Unakaza," alisema Ilwad. "Nausikia unakaza chini ya mkono wangu. Damu... subiri. Imepungua. Imepungua, wallahi! Alhamdulillah!"

Vigelegele vililipuka upande wa pili wa laini. Komora aligeukia ukutani akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Usimwache," alisema Idman. "Angalia mapigo yake, na mtafute gari la kumpeleka hospitali. Asibaki hapo."

"Nafanya, daktari. Nafanya." Ilwad alikuwa akilia na kucheka. "Daktari, niambie jina lako kamili. Mama yake yuko hapa, anataka kukuombea dua. Anasema mtoto ni wa kike, atampa jina lako."

Idman alimtazama Mulki, na machoni mwake mlikuwa na ombi ambalo hakuthubutu kulitamka.

Mulki aliinua mkono wa simu, akazima spika.

"Ilwad, mimi ni Inspekta Mulki Warfa wa Garissa," alisema. "Mwambie mama yake amtafutie mtoto jina lingine. Aliyekuwa akikuelekeza ndiye aliyewatumia ile dawa."

Alisikiliza kidogo. Chochote alichojibu Ilwad, uso wa Mulki haukubadilika. Akarudisha simu mahali pake, akatoa pingu zake mwenyewe kiunoni, na Idman akainua mikono yote miwili kabla hajaambiwa.